Jogoo wa Marehemu

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya juzijuzi watu walipoanza kusema kwa vidole, palikuwa na kijiji cha baridi kiitwacho Lupinde, njiani kati ya Njombe na Songea. Na katika kijiji hicho palikuwa na kundi la simu lililojaa Wangoni na Wahehe. Nawaona mmeshaanza kucheka. Mnajua wenyewe kwamba hao ni watani. Babu zao walipigana mpaka wakachokana, na walipochokana wakaona bora watukanane tu, na atakayekasirika ndiye aliyeshindwa.

Kundi lenyewe halikuwa na jina la kudumu. Leo Wangoni wameliita "Wahehe Rudisheni Ngao Zetu". Kesho Wahehe wamelibadilisha, linaitwa "Mlizitupa Wenyewe Mkikimbia". Aliyelianzisha alikuwa Mzee Fulgensi Komba, Mngoni, fundi seremala aliyestaafu, mtu mwenye sauti ya kukwaruza kama msasa. Ndani ya kundi lake aliweka sharti moja: kila ujumbe ujifute wenyewe baada ya siku moja. Sababu? Simu ya mkewe ilikuwa ndogo, na ilikuwa imeshajaa mahubiri.

Kila asubuhi Mzee Fulgensi, angali kitandani, alituma sauti yake kundini. "Amkeni nyie, majivu yamepoa! Mama Resti, chai iko wapi?"

Mama Resti ndiye mkewe, Bibi Editruda. Alikuwa jikoni, karibu kabisa, angeitwa kwa mdomo angesikia. Lakini naye aliijibu simu, tena kundini, watu wote wasikie: "Iko jikoni. Ina miguu?"

Hapo ndipo Lupinde ilipoamka.

Basi Mzee Fulgensi akafa. Jamani, msinune mapema, hadithi ndiyo kwanza inaanza. Alikufa kwa uzee wake, akazikwa nyuma ya kanisa, na Wahehe wakaja msibani kufanya kazi ya watani. Mbele yao alikuwa Mzee Lukelo Kalinga, mtani wake mkubwa, waliyetukanana naye tangu wote wawili wana meno. Jeneza halijateremshwa, Mzee Lukelo alishuka kaburini akajilaza chali, akalalamika kwamba seremala mzima anazikwa kwenye shimo lisilopimwa. Alipotolewa humo akamsogelea Bibi Editruda, akachomoa simu ya marehemu kwenye pindo la kanga yake, akainua mkono juu.

"Hii yangu! Ikomboeni kwa jogoo!"

Desturi mnaijua. Mtani akinyakua kitu msibani, kitu hicho ni chake mpaka wafiwa wakikomboe. Na muda wote anaokaa nacho anaruhusiwa kumwiga marehemu anavyotaka, mwendo wake, kikohozi chake, ubahili wake. Akishapokea kikombozi mkononi, anarudisha alichochukua na kinywa chake kinafungwa. Haigi tena. Ndivyo ilivyo, na hakuna wa kulipinga hilo.

Kesho yake asubuhi Bibi Editruda alikuwa ameketi jikoni bila kuwasha moto. Tangu msiba uingie hakuwa ametia kitu mdomoni zaidi ya maji. Simu yake ikalia. Akatazama. Ilikuwa picha ya mumewe, na kofia yake kichwani.

"Amkeni nyie, majivu yamepoa! Mama Resti, chai iko wapi?"

Sauti ya kukwaruza ileile! Mzee Lukelo alikuwa ameiiga mpaka na ile pumzi ya puani. Bibi Editruda akaishika simu kwa mikono miwili. Kisha akabonyeza, akasema: "Iko jikoni. Ina miguu?" Akainuka, akawasha moto, akabandika chai, akanywa, akala na kiazi kikubwa tu.

Ndugu wakamwambia, "Shemeji, sasa toa jogoo tukomboe simu ya marehemu."

"Jogoo?" akauliza Bibi Editruda. "Jogoo gani? Hawa wangu wote ni mitetea."

Nyuma yake jogoo akawika.

Wakatazamana. Hakuna aliyemgusia tena habari ya kikombozi. Basi kila asubuhi marehemu akaamsha kijiji, kila asubuhi akadai jogoo wake, na kila asubuhi mjane akamnyima. Lupinde nzima ikashiriki. Walimsalimia marehemu, walimzomea, walimuuliza huko aliko ulanzi unauzwaje, ile pombe ya mianzi aliyoipenda mno. Aliyetoka kundini ni mmoja tu, binti yake Restituta, mwalimu wa shule huko Mbeya. Alitoka bila kuaga, na watu wakadhani simu yake imeharibika.

Sasa anaingia mwenye hadithi yake. Jina lake Zamoyoni, msichana wa Tanga, mwanafunzi wa chuo kikuu, mtafiti. Alikuwa anachunguza jinsi watu wanavyofarijiana kwenye makundi ya simu, na kwa utafiti huo ndipo angepata shahada yake. Rafiki yake wa bwenini, mzaliwa wa Lupinde, ndiye aliyemwingiza kundini, bila kumweleza lolote.

Zamoyoni alikuwa msichana mwadilifu. Alikuwa amekula kiapo cha watafiti mbele ya mwalimu wake: usichukue neno la mtu bila ridhaa yake, usimtaje kwa jina lake, na asiyeridhia, futa maneno yake yote. Alikijua kiapo hicho kwa moyo. Lakini siku za mwanzo alikaa kimya tu humo ndani, anasoma na kucheka peke yake mpaka wenzake bwenini wakamuuliza kama yuko salama. Alijiambia kwamba anazoea mazingira. Mimi kwetu tunaita kuchungulia, na yeye mwenyewe moyo ulimsuta, ndiyo maana akaamua kujitambulisha.

Akaandika ujumbe. Jamani, ujumbe! Alieleza yeye ni nani, anatafuta nini, kwamba atanakili maneno na sauti na kuzihifadhi, kwamba majina atayabadilisha, kwamba mtu ana haki ya kukataa leo, kesho na hata mtondogoo. Alipoutuma ulijaza kioo cha simu juu mpaka chini, na chini kulikuwa na kuendelea. Kabla hata mtu hajamaliza kusoma salamu, majibu yakaanza kumiminika. "Sawa." "Sawa." "Sawa mwanangu." "Karibu, umeolewa?" Na mzee mmoja, kwa kuwa ujumbe mrefu kundini huwa ni tanzia, akauliza: "Kafa nani tena?"

Zamoyoni hakuridhika. Akamfuata kila mmoja pembeni, mtu kwa mtu, amwombe ridhaa yake. Akamfuata Bibi Editruda, akakubali. Akamfuata Mzee Lukelo, akakubali. Akaifuata na ile namba yenye picha ya mzee mwenye kofia.

"Shikamoo babu. Je, unaridhia kushiriki?"

"Marahaba mjukuu wangu. Naridhia kwa moyo wote, ingawa siku hizi haudundi sana."

"Pole babu. Naomba kujua umri wako."

"Umesimama."

"Unaishi wapi?"

"Nyuma ya kanisa. Chini kidogo."

"Unaishi na nani?"

"Majirani wengi. Watulivu mno, hata salamu hawaitikii."

"Na afya yako?"

"Tangu nihamie huku sijaugua hata mafua."

Mzee Lukelo alibonyeza majibu hayo huku amejikunja kwenye benchi lake kwa kicheko. Alidhani binti anaelewa na anajibu mapigo. Ni nani asiyejua watani? Na kweli Zamoyoni aliwajua, hata kwao Tanga wapo, amewaona wakizuia jeneza na kuiba masufuria. Ila hakuwahi kumwona mtani aliyehamia kwenye simu ya marehemu akaweka na makazi. Akaandika: mzee mcheshi, ana maradhi ya moyo, anaishi bondeni, majirani zake ni viziwi.

Akampenda mno huyu babu. Kila siku, kabla maneno hayajajifuta, aliyanakili yote na kuyahifadhi. Aligundua pia jambo lililomfurahisha kupita kiasi: Babu Fulgensi na Babu Lukelo hawakuwahi kuandika kwa wakati mmoja. Mmoja akiandika, mwenzake hutulia mpaka amalize. Akamwandikia mwalimu wake kwamba amegundua heshima ya ajabu baina ya wazee wa Nyanda za Juu Kusini, heshima ya kupeana zamu. Mwalimu akamjibu kwamba ugunduzi huo ni mzito na aupe sura nzima. Akaupa sura nzima! Heshima ya vidole vya mtu mmoja!

Ikafika asubuhi moja marehemu akasema neno jingine kabisa. Aliamsha watu kama kawaida, akaulizia chai kama kawaida, kisha sauti ikashuka.

"Mama Resti. Kuhusu kile cherehani chako nilichokiuza bila kukuuliza. Nilikosea. Nisamehe."

Kila mtu Lupinde alikijua kisa cha cherehani. Mzee Fulgensi alikiuza ujanani anunue mbao, mkewe akaacha ushonaji, na neno la kuomba radhi halikuwahi kumtoka mzee yule kwa cherehani wala kwa kitu kingine. Siku hiyo Bibi Editruda hakujibu kwamba chai haina miguu. Alichomimina ni vikombe viwili. Akaisikiliza sauti ile asubuhi, akaisikiliza mchana, akaisikiliza akipalilia, akaisikiliza akipika. Kesho yake alipotaka kuisikiliza tena ilikuwa imejifuta.

Utafiti ukaelekea mwisho. Zamoyoni, kwa kuwa alifundishwa kwamba mtafiti haendi mikono mitupu kwa watu waliompa maneno yao, akaamua kwenda Lupinde kushukuru. Akamuuliza babu yake kipenzi amletee nini.

"Niletee jogoo, mjukuu wangu. Nimemwomba mke wangu tangu nihamie huku, ananinyima."

Mnaona yanakokwenda? Mimi nilipohadithiwa hapa nilijishika kichwa.

Siku ya siku Zamoyoni akafika, vumbi hadi kwenye nyusi, jogoo mwekundu kwapani. Aliulizia kwa Bibi Editruda, na uani aliwakuta watu watatu. Bibi Editruda alikuwa anapukuchua mahindi. Kando yake alikuwa binti yake Restituta, aliyekuja kumwona mama yake, uso wake umekunjamana kwa sababu ya yule aliyeketi mbele yao. Naye ni Mzee Lukelo, na debe la ulanzi miguuni, na simu ya marehemu imechungulia kwenye mfuko wa shati.

"Hodi hapa! Shikamooni!"

"Marahaba mwanangu, karibu, pita," wakaitikia wazee.

Zamoyoni alitazama, akamwona mzee mmoja tu uani, akaiona na simu; kwenye ile picha kofia ilifunika nusu ya uso. Moyo ukamruka kwa furaha. Akamwendea mbio, akapiga goti, akamkabidhi jogoo kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka.

"Babu Fulgensi! Jogoo wako huyu!"

Na Mzee Lukelo, kwa kuwa binti amepiga goti na mkono wa mtu mzima hauachi kupokea kinachotolewa kwa adabu, akapokea.

"Lukelo!" akapiga yowe Bibi Editruda. Punje za mahindi zikamwagika. "Usipokee!"

"Nimeshapokea," akasema Mzee Lukelo, akiitazama mikono yake mwenyewe kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Jogoo akawika.

"Kwani nimekosea?" akauliza Zamoyoni. "Huyu si Babu Fulgensi?"

"Fulgensi yuko nyuma ya kanisa," akasema Bibi Editruda kwa sauti ya kukata tamaa.

"Ndiyo bibi, aliniambia anaishi huko," akasema Zamoyoni akitabasamu. "Chini kidogo."

Hapo Restituta, ambaye hakuwa amecheka tangu avuke geti, alitaka kukasirika akashindwa. Kicheko kilimtoka kwa nguvu, akajiziba mdomo kwa mkono. Kisha akasema polepole, "Dada yangu. Baba yangu ni marehemu. Alikufa kabla wewe hujaingia kwenye kundi."

Zamoyoni akakaa chini mavumbini. Majibu yote yakampitia kichwani moja baada ya jingine. Umri umesimama. Majirani watulivu. Tangu nihamie huku sijaugua. Na sura nzima, Mungu wangu, sura nzima ya heshima ya kupeana zamu!

"Mrudishie jogoo wake!" Bibi Editruda alikuwa ameshainuka. "Hakuna kilichotokea! Hakuna aliyeona! Binti, shika kuku wako urudi nje, ubishe hodi upya!"

Akamvuta jogoo upande huu. Mzee Lukelo akamvuta upande ule, maana kupokea kikombozi halafu ukarudisha ni aibu ambayo Mhehe angesimangwa nayo na Wangoni wote hadi siku ya kiyama. Jogoo akapiga mabawa, akampanda mzee kifuani, akamkwaruza, na simu ikachomoka mfukoni, ikazama ndani ya debe la ulanzi. Chubwi!

Wote wakainamia debe. Povu likapanda. Mzee Lukelo akatia mkono akaiopoa. Picha ya mzee mwenye kofia ikawaka mara moja, ikazimika, na haikuwaka tena.

"Amekufa mara ya pili," akasema Mzee Lukelo. "Na safari hii amelewa."

Bibi Editruda alicheka mpaka akashika mbavu. Alicheka na kuendelea kucheka, na hakuna aliyeona ni wakati gani kicheko kile kiligeuka kuwa kilio. Binti yake akamshika bega. "Basi na la cherehani limekwenda," akasema bibi. "Nilitumaini atalirudia siku moja, sasa sitalisikia tena."

Zamoyoni alikuwa bado chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, lipo. Yote yapo. Ninayo mimi."

Watu watatu wakamgeukia kwa pamoja, hata jogoo akanyamaza. Lakini furaha haikukaa. Zamoyoni alikikumbuka kiapo chake, na machozi yakamlengalenga, kwa sababu aliyeridhia kuchukuliwa maneno yake alikuwa marehemu, na ridhaa ya marehemu si ridhaa. Akampigia simu mwalimu wake hapohapo, akamweleza mwanzo hadi mwisho. Mwalimu alicheka mpaka wakamsikia wote uani. Alipomaliza akakohoa, akarudia ualimu wake.

"Ridhaa hiyo haipo. Mtafute mwenye maneno, umwombe upya. Akikataa, futa yote, hata kama shahada itachelewa."

"Mwenye maneno ni nani, mwalimu?"

"Mimi niko huku, Zamoyoni. Wewe ndiye uliyeko huko."

Akakata. Zamoyoni akawageukia wenyeji wake. "Naomba mniambie. Mwenye maneno ni nani?"

"Mimi!" wakasema wote watatu.

Mzee Lukelo akaanza, kwa kuwa alikuwa mkubwa na alikuwa amepata kikombe cha ulanzi. "Maneno yale ni yangu. Yametoka kinywani mwangu, tena kwa kazi, jaribu wewe kukohoa kikohozi cha mtu mwingine kila asubuhi uone. Na mimi nasema futa. Ule ujumbe wako mrefu hakuna aliyeusoma hapa Lupinde, tusidanganyane. Tulisema tukijua kesho yatakuwa yamefutika. Utani unausema, watu wanacheka, unakwisha. Ukiuweka kwenye kitabu, akausoma mtu asiyetujua, ataona wazee wawili wanatukanana. Hataona kingine. Na kikombozi nimepokea. Desturi imenifunga kinywa, halafu wewe utembee na kinywa changu ndani ya mkoba? Futa, mjukuu wangu."

Bibi Editruda akafuta uso kwa kanga. "Maneno yale ni yangu. Mnabishana nani alisema, mbona hamuulizi aliambiwa nani? 'Mama Resti' ni nani hapa? Ni wewe Lukelo? Niliambiwa mimi, nikajibu mimi, na nikala kwa sababu yake. Lile la cherehani nimelingoja tangu nywele zangu nyeusi. Usifute hata pumzi moja. Nipe mimi, niweke kwenye simu yangu, na chuo chenu kisiyaone, wala mtu mwingine. Mahubiri nitayaondoa, Mungu atanisamehe."

"Mama, baba hakusema lile neno," akasema Restituta.

"Alitaka kusema," akadakia Mzee Lukelo. "Aliniambia mimi."

"Ulikuwa wewe na yeye tu?"

"Mimi na yeye tu."

Restituta akatikisa kichwa. "Basi na mimi nasema maneno yale ni yangu, kwa sababu ni jina la baba yangu, na mimi ndiye niliyeachiwa hilo jina. Kesho yake baada ya mazishi, kwa kuwa ruhusa ilikuwa imekwisha, nilikuwa mbele ya wanafunzi. Simu ikawaka, picha ya baba, sauti ya baba. Nilitoka darasani nikaenda kulia chooni. Nyie mlikuwa mnacheka. Mimi nani aliniuliza? Ndiyo maana nikatoka kundini. Sasa ukifuta, watu watabaki kuhadithiana kwamba Komba aliomba radhi kutoka kaburini. Ukimpa mama, wanangu watakua wakimsikia babu ambaye si babu. Mimi nataka uandike. Yaandike yote kitabuni, na majina yetu halisi, yangu, la mama, la huyu mzee, na useme wazi kwamba Fulgensi Komba alikuwa amekufa na aliyesema ni Lukelo Kalinga."

"Kiapo kinanikataza kutaja majina," akasema Zamoyoni.

"Kiapo chako kilipokea ridhaa ya maiti," akasema Restituta.

Zamoyoni naye alikuwa na la kusema. "Na mimi," akasema, akiwa ameinama. "Nilichungulia kabla sijajitambulisha, hilo kosa langu nalikiri. Lakini bila mimi kusingekuwa na hata neno moja la kugombania leo. Niliyahifadhi kwa mapenzi. Nilimpenda yule babu. Mlinidanganya nyie wote, hata wewe bibi, na mimi ndiye sijui nimfanyie matanga nani."

Jogoo mwekundu akatembea katikati yao akiokota mahindi ya Bibi Editruda bila wasiwasi wowote.

Walimlaza mgeni pale, kwa sababu Lupinde haifukuzi mtu. Asubuhi ikafika. Simu hazikulia. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyedai jogoo, hakuna aliyeulizia chai, na kijiji kizima kikachelewa kuamka, hata kengele ya shule ikachelewa. Zamoyoni alipotoka nje aliwakuta wote wameshatangulia. Mzee Lukelo alisimama nje ya ua, mkono mdomoni, kikombozi kimemfunga. Restituta alisimama mlangoni, mikono kifuani. Na Bibi Editruda alikuwa ameketi jikoni mbele ya mafiga, hajawasha moto, simu yake ndogo iko mapajani, ameitazama tu.

Zamoyoni akatoa simu yake. Sauti ile ya cherehani ilikuwa tayari, na chini yake palikuwa na pa kufutia, na pa kumtumia bibi, na pa kupelekea chuoni. Kidole chake kikasimama juu ya kioo. Akamtazama mzee aliyeyasema maneno, akamtazama bibi aliyeambiwa, akamtazama binti mwenye jina, akakikumbuka na kiapo chake, na macho yao yote yalikuwa kwenye kidole kile.

Hapo ndipo aliponiachia aliyenihadithia, na hapo ndipo ninapowaachia nyie. Msijifanye mmesinzia, nyie mliokuwa mnacheka tangu mwanzo! Maneno yale yalikuwa ya nani? Je, kati ya wale wote, nani alistahili kumwambia Zamoyoni abonyeze wapi? Semeni, tena semeni upesi, maana majivu yamepoa, na yule bibi hajanywa chai.